Mkono Wangu kwenye Saksafoni

Jumatatu, 6 Mei 1963

Mazoezi. Mabry, yule Mmarekani wa saksafoni, kakosea tena pa kuingia kwenye ngoma yangu. Anahesabu kwa mguu, moja mbili tatu nne, kisha anajikuta peke yake. Nikacheka. Kanuna. Ila akipuliza jazi yake — jamani! Jumamosi ya wiki ijayo tunarekodi, Jumapili anapanda ndege. Santuri yangu ya kwanza. Ngoma yangu isikike mpaka Detroit!

Alhamisi, 9 Mei

Balaa. Makuhani wametangaza: mahindi ya Homowo, sikukuu ya mavuno ya sisi Waga, yanapandwa nayo hutaka kimya; kuanzia Jumatatu hakuna kupiga ngoma Accra nzima, mwezi mzima. Na Ataa Oko, kiongozi wetu wa bendi, Mga wa kuzaliwa hapa hapa, kapanga siku kwa kutazama tiketi ya Mabry! Nimemtukana — kimoyomoyo. Studio haina nafasi kabla ya Jumatatu.

Jumanne, 14 Mei

Mabry anataka tufunge madirisha, nipige taratibu. Nimemwambia ngoma itakamatwa, na mkamataji wa makuhani ni mjomba wangu. Kadhani natania.

Basi tukafanya kwa mdomo. Mimi naitamka ngoma, yeye anafuatisha. Saa mbili nzima. Mara mguu wake ukatulia. Akaingia! Sawasawa!

Ataa Oko kaamua papo hapo: sehemu yangu ataipuliza Mabry. Imeniuma.

Jumamosi, 18 Mei

Naandikia kibarazani, nje ya studio. Fundi kanitoa — eti mguu wangu unagonga sakafu, unaingia kwenye mashine.

Ndani wanarekodi. Kila nilichomfundisha Mabry kinatoka, hakosei hata kimoja. Nina wivu. Nina furaha pia. Sijui kipi zaidi.

Mjomba amefika, fimbo mkononi. Anauliza nani anapiga ngoma humo.

"Hamna ngoma, mjomba. Ni saksafoni ya Mmarekani."

Katega sikio mlangoni, kasikiliza kwa muda.

"Usinifanye mtoto, Kotei. Hiyo ni ngoma. Tena ni mkono wako."

Nimemwonyesha mikono yangu: huu daftari, huu kalamu. Haamini. Anataka mlango ufunguliwe sasa hivi. Taa nyekundu ya kurekodi bado inawaka, wimbo haujaisha. Nimemwomba anisubiri nimalize mstari huu. Naandika polepole