Bibi Ameoshwa Mara ya Nne

Jumatatu, 10 Juni

Oda ya floseli mpya bado imekwama forodhani. Wiki ya sita! Mkuu wa maabara anasema tuendelee na iliyopo. Iliyopo ni moja tu, tumeshaiosha na kuitumia tena mara tatu, ndiyo maana tunaiita Bibi. Asubuhi Bibi alikuwa na matundu hai 704. Anajikongoja.

Jana mama aliniuliza tena kazi yangu hasa ni ipi. Nikamweleza: floseli ni kisahani cha plastiki, kinaenea kiganjani, ndani kina matundu yasiyoonekana kwa macho. DNA inapenya humo uzi mmoja mmoja na mashine inausoma. Tukimaliza tunapitisha dawa ya kula masalia, tunasubiri saa nzima, tunasuuza, tunaweka kwenye friji. Kesho tunatumia tena. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu: kumbe nilikusomesha miaka yote ile uje uoshe vyombo!

Nilicheka jana. Leo sina kicheko. Bakteria yule wa Mei, tuliyedhani ameisha, amerudi wodi ya vichanga. Watoto watano. Wawili wameshatutoka. Tumesoma damu zao leo. Sampuli nne zimetoa nyuzi kiduchu. Ya mtoto wa lebo 4 imefurika — nyuzi 41,000, bakteria mtupu.

Lebo ni kipande kifupi tunachobandika kwenye DNA ya kila sampuli, kama namba mgongoni mwa mchezaji. Bila hiyo huwezi kujua nani ni nani.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya kukimbizana. Swabu, vijiti vya pamba vilivyopitishwa mikononi mwa wauguzi watano, zimeletwa saa tano. Matroni wa wodi amepiga simu mara nne. Mkuu amesimama mlangoni: bado? Bado, mzee. Dakika kumi baadaye: bado?

Nimemwosha Bibi. Nimetoa kiputo cha hewa kwa uangalifu, kikiingia ndani kinaua matundu. Nimepitisha dawa. Halafu sikusubiri saa nzima. Nimesubiri dakika ishirini.

Na lebo nimetumia zile zile za jana, 1 hadi 5, kwa sababu vichupa vyake vilikuwa tayari vimetolewa friza na kuyeyuka.

Kwenye daftari la kuosha nimeandika 60. Mkono uliandika wenyewe, umezoea.

Jumatano, 12 Juni

Tumempata! Kijana wetu wa kompyuta, Miwani, alipiga kelele mpaka fundi wa friji akaja kuchungulia. Mkono wa muuguzi namba 4 una bakteria wa vichanga. Sisi tunapewa namba tu, majina anayo matroni. Mkuu amenishika mkono mbele ya watu wote. Amesema hii ndiyo kazi.

Nimerudi nyumbani kichwa juu. Mama akauliza, vyombo vimetakata? Nikamwambia vinang'aa.

Alhamisi, 13 Juni

Namba 4 ni wifi yangu.

Kaka amepiga simu saa sita mchana. Mkewe karudishwa nyumbani asubuhi, mbele ya wenzake, mbele ya akina mama waliokuwa wananyonyesha. Mmoja wao alimfuata hadi kwenye ngazi akimuuliza, ni wewe uliyemuua mwanangu? Wifi alishuka ngazi akiwa na viatu vya wodini, hata hakukumbuka kubadilisha.

Kaka anauliza kama mimi najua lolote. Nikasema majibu hayatoki na majina. Hilo ni kweli. Nashangaa jinsi ukweli unavyoweza kusaidia uongo.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda kwao. Wifi yuko jikoni ananawa mikono. Nikakaa, tukazungumza, akainuka, akanawa tena. Vidole vimepasuka kwenye viungo, vinatoka damu. Binti yao wa mwaka mmoja analia akitaka abebwe, na kaka ndiye anayembeba. Wifi anamwangalia kwa mbali kama mtoto wa jirani.

Akaniuliza polepole, bila hasira. Afadhali angekuwa na hasira!

"Wifi, ile mashine yenu huwa inakosea?"

"Mara chache."

"Mara chache," akarudia. "Basi ni mimi."

Chai ilipoa. Nikaaga.

Jumapili, 16 Juni

Siwezi kukaa. Nimefua, nimepanga kabati, nimepangua, nimepanga tena. Mama kasema nina mchwa matakoni. Dakika ishirini. Lebo zile zile. Mtoto alikuwa lebo 4. Wifi lebo 4. Masalia ya mtoto yakibaki ndani ya Bibi, mashine inayasoma kama ya wifi.

Nimelijua tangu Alhamisi. Hapa angalau niandike ukweli: nimelijua tangu Alhamisi.

Jumatatu, 17 Juni

Kichanga kingine kimeugua. Wa sita! Wifi yuko nyumbani siku ya tano sasa, na bakteria anaendelea na shughuli zake. Wodini wanasema labda wifi alimwambukiza kabla hajaondoka. Tangu tumempata mwenye kosa, hakuna aliyetafuta tena. Hakuna aliyekagua sinki wala chupa za maji za mashine ya oksijeni. Wametulia kwa sababu ya karatasi yangu.

Nikamfuata Miwani. Nikamwomba anionyeshe lebo 4 ya Jumanne. Nyuzi 287 tu. Akaziweka kando ya zile 41,000 za mtoto. Herufi kwa herufi, hakuna tofauti hata moja.

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Bibi aliogeshwa vizuri?"

"Angalia daftari."

"Nakuuliza wewe, sio daftari."

Nikasema ndiyo. Nikaenda chooni, nikakaa juu ya kifuniko mpaka mtu akagonga. Nikarudi, nikamwambia: ishirini. Sio sitini.

Hakunifokea. Alisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, ila unaweza kutolewa. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: unajua watasema unamtetea wifi yako? Kwa hiyo kesho sitagusa majina. Yeye atachukua masalio ya swabu zote tano kwenye friza, atazihamishia kwenye vichupa vipya, atazipa alama anazozijua yeye peke yake. Mimi nitaosha na kupakia kama kipofu.

Jumanne, 18 Juni

Nimemwosha Bibi. Saa nzima. Nilikaa mbele yake na saa ya mkononi kama anayesubiri mgonjwa atoke upasuaji. Dakika ya ishirini ilipofika nikaona ilivyo fupi. Hata chai haiishi.

Matundu hai 391. Miwani akasema bibi wa watu kazeeka, lakini hajazeeka akili. Tumetumia lebo mpya, 13 hadi 17. Mashine imeanza saa saba na robo. Kila dakika tano naenda kuangalia. Mkuu ameniuliza nina nini, nikasema tumbo.

Jumatano, 19 Juni

Mikono yote mitano ni safi! Bakteria wa kawaida wa ngozi, kama mimi, kama Mkuu, kama mtu yeyote. Miwani akafungua orodha yake ya alama: wifi ndiye 15. Safi.

Halafu akashusha ukurasa chini kabisa. Lebo 4, ambayo jana hatukuitumia kwa sampuli yoyote — nyuzi tisa. Nyuzi tisa za mchezaji ambaye hayumo uwanjani! Hata baada ya kuosha vizuri kuna kidogo kinachobaki. Ndiyo maana lebo hubadilishwa. Ndiyo maana kuna sheria. Nilifundisha wenzangu sheria hiyo mimi mwenyewe.

Nikaingia kwa Mkuu. Sikukaa. Nikamweleza yote: dakika, lebo, ile 60 daftarini. Mkuu akavuta simu. Simu ya kwanza aliyopiga ilikuwa wodini: tafuteni upya, kila kitu, maji, mabomba, chupa, leo hii. Ya pili kwa matroni. Kisha akanigeukia.

"Umefanya hivi mara ngapi?"

"Mara moja, mzee."

Akauliza tena.

"Mara ngapi, binti?"

"Mara tatu."

Akasema nilete daftari.

Alhamisi, 20 Juni, asubuhi

Wifi amerudi kazini. Matroni alimfuata nyumbani mwenyewe kumwomba radhi. Kaka amenipigia akicheka na kulia kwa pamoja. Ananishukuru! Anasema damu nzito kuliko maji, nisingekuwepo mimi wangemmaliza mkewe. Nikamwambia kaka, mimi ndiye niliyekosea. Akasema aa, nyamaza, umeshalimaliza. Wifi akachukua simu. Yeye alielewa. Akasema tutazungumza akipata nguvu. Kisha akakata.

Mama amenimiminia chai, akaniwekea mkono begani, akauondoa.

Alhamisi, mchana

Mimi na Mkuu, daftari katikati. Mara ya kwanza niliyokatisha: sampuli za udongo wa chuo, hakuna aliyeumia. Mara ya tatu: wifi. Mara ya pili: tarehe 21 Mei. Lebo zilirudiwa pia. Miwani akatoa faili. Swabu sita, mojawapo ilikutwa na bakteria wa vichanga. Nyuzi 164. Mwenye swabu: mfanya usafi wa wodi.

Nikamkumbuka. Sio sura — ndoo yake ya bluu na jinsi alivyokuwa akikwaruza sakafu kwa kisu kutoa plasta zilizoganda. Mwisho wa Mei kampuni yake ya usafi ilimwambia asirudi. Hakuna aliyeuliza. Alipoondoka bakteria akatulia wiki mbili, nasi tukasema si mnaona! Bakteria aliporudi, hakuna aliyesema basi hakuwa yule mama.

Nikasema turudie swabu yake. Miwani akatikisa kichwa. Zilitupwa. Sampuli hukaa siku ishirini na nane tu baada ya majibu kutoka, na jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Jana! Nilipokuwa nasherehekea mikono safi ya wifi.

Mkuu akasema kwa hiyo hatuwezi kuthibitisha kwamba alikuwa safi. Kisha, kwa sauti ya chini: wala kwamba hakuwa. Ataandika barua kwa kampuni, kwa lugha ya uangalifu. Nikamuuliza barua itafika lini. Akasema hilo liko mikononi mwa kampuni.

Kwa wifi nilikuwa na swabu, nilikuwa na Miwani, nilikuwa na kaka wa kunipigia simu. Kwa huyu sina kitu. Na nisingekuwa na wifi, hata faili hili lisingefunguliwa. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Namba yake ya simu nimeipata kwa wifi, kwa ujumbe mfupi. Ndiye pekee wodini aliyekuwa nayo.

Alipokea mara moja. Nikajitambulisha, nikasema natoka maabara ya hospitali. Akasema:

"Mmenipata na nini tena?"

Nikamwambia hapana, mama, hakuna kitu. Ninaomba tuonane, nina jambo la kukueleza ana kwa ana. Akasema geti la nyuma saa kumi. Geti la mbele hapiti.

Alhamisi, saa kumi kasoro

Niko kwenye benchi nje ya geti la nyuma, karibu na mapipa. Naandika ili mikono iwe na kazi. Nimejaribu kupanga maneno. Nikianza na samahani, ataniuliza samahani ya nini, na sitaweza kumwambia ulikuwa safi. Naweza kumwambia tu kwamba hatukujua, na tukasema tunajua. Maneno gani hayo ya kumpa mtu mzima!

Saa kumi na dakika nane. Labda haji. Nusu yangu inaomba asije — nusu kubwa, kama nasema kweli.

Anakuja. Ndiye, na ni mfupi kuliko nilivyodhani. Ameniona. Nimeinuka, nimemwamkia shikamoo, nimenyoosha mkono. Hakuupokea. Ameishia hatua tano hivi kutoka kwenye benchi na mikono yake ameificha chini ya mtandio. Ananiangalia, sio kwa chuki. Anauliza kwa adabu kabisa:

"Nisogee, au nikae huku huku?"

Nimekaa tena. Nimejibanza mwisho wa benchi ili nafasi ionekane, bado nimeshika kalamu, na naona anaitazama ile nafasi. Naweka kalamu chini.