Landlord Maana Yake Mlinda Mkate

Mwanangu Idrisa, msomi wangu,

Simu zangu hupokei huko Dodoma, basi nakuandikia hadharani. Shangazi zako wasome, na wapangaji wasome.

Unakumbuka ile asubuhi uliporudi likizo kutoka chuoni? Nilikuwa uani nakanda unga wa maandazi, mafuta yako jikoni, na wewe mdomo haufungi. "Mama, unajua 'landlord' imetoka wapi? Hiyo 'lord', kwa Waingereza wa kale, ilikuwa mlinda mkate. Na 'lady' ni mwanamke anayekanda unga." Nilicheka mpaka nikakohoa. Bi Zuhura, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, akadakia, "Haya, leidi wa Kariakoo, mafuta yako yanaungua!"

Neno hilo nililitembeza sokoni kote. Muuza viungo kalisikia, muuza kanga kalisikia. Nani mwingine hapa Msimbazi kazaa mtoto anayewajua Waingereza wa kale? Na kweli nilijiona ndiye huyo mlinda mkate. Kwangu mpangaji hakulala njaa, na Ramadhani sahani za futari zilianzia vyumbani mwao.

Ndiyo maana alipofariki baba yako, kwenye kikao cha ukoo nilisimama kabla ya wanaume. Baba yako mdogo alitaka wasimamizi wa mirathi tuwe wawili, mimi na wewe. Nikamkata kauli: "Mimi wa darasa la saba wa nini? Mpeni Idrisa peke yake, kasoma huyo." Nikatia sahihi huku natabasamu. Kosa hilo langu, simsingizii mtu.

Wiki iliyopita kaja mjenzi na karatasi yenye sahihi yako. Nyumba ivunjwe, lipande ghorofa la fremu za maduka. Bi Zuhura, aliyekuvusha mgongoni maji yalipojaa Jangwani, umemtumia ujumbe wa simu ahame mwisho wa mwezi. Hata shikamoo hukuandika! Mimi mama yako hata huo ujumbe sikuupata.

Angefanya hivi mtu asiyejua, ningelia nikanyamaza. Wewe ulijua mwenye nyumba ni mlinda mkate, ukanifundisha na mimi.

Jumapili ukoo unakaa tena kwa baba yako mdogo. Jambo ni moja tu, kwenda mahakamani ukatolewe usimamizi kabla bati halijang'olewa. Mkono wa kwanza kunyooshwa utakuwa wangu. Njoo uuone kwa macho yako.

Mama yako mzazi, ambaye hahami.