Ngumbau Hachoki

Jumanne, Oktoba 1987. Kijijini Tulia.

Jua la leo halikuwa na huruma. Shingo inauma, kipaji cha uso kina alama ya kamba ya kubebea mtungi, na bado nimekaa hapa mlangoni nikitabasamu peke yangu kwa sababu nimeolewa na Mutua. Hii ni wiki ya saba. Nikisikia baiskeli yake inakuja, moyo unaruka kama siku ile ya kwanza.

Lakini nina jambo la kuungama.

Mume wangu ni mwalimu wa darasa la tano, na anaandika hadithi. Anataka kuituma kwa gazeti moja la watoto Ijumaa hii, na ameitamani siku hiyo tangu tuoane. Shujaa wake anaitwa Ngumbau, yaani jasiri kwa Kikamba. Ngumbau anaruka vilima, anasimamisha lori kwa kidole, anapiga mwamba na maji yanatoka. Jumapili alinisomea yote kwa ile sauti yake tamu, nikamwambia ni nzuri sana.

Nilikuwa nimesinzia tangu ukurasa wa tatu.

Nilidhani ni uchovu wangu tu. Mpaka leo asubuhi mtoni. Mto umekauka, kwa hiyo tunachota kwenye shimo tulilochimba mchangani. Maji yanajikusanya polepole, na ukijaza mtungi mmoja unarudi nyuma ya foleni. Tukiwa tunangoja, nikawasimulia wenzangu hadithi ya Mutua, kwa majivuno yangu yote.

Nilipofika kwenye mwamba, jirani yetu Mama Kasyoka akanikatiza. "Ngoja, bibi ya mwalimu. Kama anatoa maji kwa mwamba, mbona ametuweka hapa tangu alfajiri?"

"Labda hana mama mkwe wa kumtuma mtoni," akasema wifi yangu Mwende. Wote wakacheka, hata mama mkwe mwenyewe, aliyekuwa ameinama shimoni. Mimi humwita Mwaitu, mama.

Mwaitu akauliza bila kuinua kichwa, "Na huyo Ngumbau anachoka lini?"

Nilimtazama akichota kata moja, akingoja mchanga utoe tena, akichota nyingine. Maji ya shimo yalikuwa yanapungua. Sote tulisogea karibu, tukitaka kuona kama mtungi wake utajaa.

Hakuna aliyesinzia.

Hapo nikaelewa. Mtu asiyeweza kushindwa hatuwezi kumwogopea. Kama Ngumbau angekuwa na nguvu za kujaza mtungi mmoja tu kwa siku, na nyumba mbili zinamngoja, nisingefumba jicho Jumapili ile.

Jioni nilimwambia Mutua. Sikuwa nimewahi kumwambia neno lisilompendeza. Alifunga daftari akalisukuma kando. Nikawaza, nimeharibu furaha yangu kwa ajili ya mtu ambaye hata hayupo.

Kisha akakitazama kipaji changu.

"Leo ulikwenda mara ngapi?"

"Mbili. Ya tatu ilinishinda."

Akafungua daftari, akaikata sehemu yote ya mwamba kwa mstari mmoja. Amesema Ijumaa hii hatawahi, ataituma itakapokuwa tayari. Sasa yuko mezani na kalamu mdomoni, mzuri kupita maelezo, na ameniuliza tena kwa upole, "Ilikushindia wapi hasa?"

Nimemwambia: pale mlimani, kwenye mti ulioanguka. Anaandika.

Macho yanajifumba. Kesho mtungi utakuwa mtupu tena.