Kicheko cha Boma la Pangani

Kang'ata, Handeni

Marahaba, mjukuu wangu, mume wangu Salehe. Salamu zako zimefika. Sisi tupo. Mahindi yamenyaukia shambani, na mama yako miguu inamsumbua, ila anatembea.

Umeuliza kwa nini kila ukinitania kwenye simu, bibi yako nakuuliza tena kama kweli u mzima.

Enzi za Ujamaa nilikuwa na rafiki, Hadija, Msambaa wa Magoma. Mimi Mzigua, kwa hiyo tulikuwa watani, na tangu chuo cha ualimu hatukuwahi kusemezana bila kutukanana. Alipangiwa kufundisha Pangani, akapewa chumba katika boma la zamani la Wajerumani. Nikaenda kumtembelea Jumamosi na Jumapili. Kuta zilikuwa nene na zenye unyevu, bahari ikivuma dirishani. Hadija alikuwa amekonda.

Tukingoja basi langu akasema, "Nikifia hapa usiniache, Mzigua. Nirudishe Magoma."

Nikamjibu, "Nitakutupa baharini, samaki nao waonje Msambaa."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Yangu yalikuwa ya kicheko.

Mwezi haukuisha, nikaletewa habari. Nilipofika walikuwa wameshamzika palepale, kwenye mchanga. Watu wakaningoja nitanie, kama ilivyo desturi ya mtani msibani. Mdomo haukufunguka.

Juzi uliniambia, huku unacheka, kwamba huko Mwanza upweke utakuua. Sikucheka, Salehe. U mzima?

Nijibu bila kutania.

Bibi yako