Mabati Yaliyokula Moshi

Mwalimu,

Ni mimi Njogu, fundi wako wa Kutus. Najua aliyezikwa hasomi barua. Lakini mimi niliishia darasa la sita, na wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua mpaka mwisho, ukaniambia jambo likikwama mdomoni mtu aliandike. Hili langu limekwisha kutoka mdomoni. Nimewaambia watu wengi sasa. Wewe peke yako ndiye sijakuambia.

Nimerudi huku kusini mwa Sudan. Nimekaa juu ya rundo la matofali, hatua chache kutoka kaburi lako, na mgongo unaniuma kama wa mzee. Vita havijaisha. Mzee Lado, yule mwenyeji wetu, yu hai, ameng'oka meno mawili ya mbele, na bado anakuita mwalimu wa milimani. Ukuta wa kanisa wa upande wa mashariki nimeusimamisha tena. Watoto wanasoma ndani yake.

Unakumbuka Jumapili ile kule Nyeri, akina mama walipoleta mabati ya kanisa hili? Walipanda kilima wawili wawili, mabati kichwani, yakipinda na kupiga kelele kama radi ya mbali. Kila mama aliandika jina lake kwa rangi nyeusi upande wa chini. Mkeo Nyambura alisema jina likae ndani, kule juu ni kwa Mungu. Mimi niliyapokea moja moja, na niliona fahari ambayo sikuwahi kuiona kwa kazi yoyote. Kwetu mtu akiacha nyasi akaezeka mabati, hata jirani asiyempenda huja kuangalia. Nyasi ni za banda la mbuzi. Nilikua nikijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Nilipomaliza kuezeka hapa, Mzee Lado alikuja na Kiswahili chake cha kuokota Uganda, akazunguka jengo mara mbili, akasema, "Fundi, hiki ni kioo. Rubani atajinyolea hapa." Nilicheka. Wewe hukucheka. Uliniambia tuchanganye matope tuyapake, halafu tutandike nyasi juu, kama wenyeji wanavyofanya, ndege za vita zisiyaone.

Maneno niliyokujibu nayakumbuka yote. Nilisema, "Mwalimu, akina mama watoe mabati yafike mpaka Sudan, halafu mimi niyageuze banda la mbuzi? Ngoja kwanza yapigwe picha." Yule mchungaji mgeni mwenye kamera alikuwa aje Jumatatu. Uliangalia paa muda mrefu. Ukasema, "Basi, Jumatatu. Lakini Jumanne nitapanda mwenyewe na ndoo."

Picha ilipigwa. Ndani yake umekunja uso kwa sababu ya mwanga wa mabati, na mimi nimesimama kando nimeshika nyundo kama chifu.

Jumanne asubuhi nilikusikia ukichanganya matope. Nilikuwa macho, Mwalimu. Hilo sikuwahi kumwambia mtu kwa miaka miwili. Nilikuwa macho na nimenuna. Nilijigeuza ukutani nikajiambia, si amesema atapanda mwenyewe, apande. Nikasikia ngazi ikilia, ngazi niliyoitengeneza mimi. Jua lilikuwa limeshatoka. Ile ringi ya lori tunayoigonga kuwaita watoto ilikuwa bado haijagongwa, ndiyo maana ulikuwa peke yako pale. Ulikuwa umepaka mabati matatu ndege ilipokuja.

Hapo siandiki zaidi. Wewe ulikuwepo.

Nilipeleka nyumbani Biblia yako na sweta lako la kijani. Zilikuwa zile mvua za El Nino, barabara imeliwa na maji, na lori letu lilikwama Sagana siku mbili. Siku hizo mbili zilinitosha kupanga la kusema, na nilipanga vibaya. Kanisani waliponiuliza ilikuwaje, nilisema, "Ni vita tu. Ndege ilikuja." Hakuna neno la uongo hapo, na yote ni uongo. Akina mama walinishika mikono, hii mikono, wakanipakulia chakula kabla ya wazee. Ile picha waliikuza wakaitundika karibu na mlango.

Sikurudi Kutus kwetu. Nilipata kibarua cha kuchonga mawe hapo Nyeri, na kila Jumapili nilipita chini ya picha nikiangalia viatu vyangu. Nilidhani nitazoea. Halafu mwaka huu wakatangaza harambee nyingine ya mabati, ya kukukumbuka wewe. Walitaka kanisa hili liezekwe upya, kwa mabati mazito kuliko ya kwanza, yale yanayong'aa mpaka yanaumiza macho. Na fundi awe Njogu. Watu walipiga makofi. Niliwaona akilini hawa watoto wa huku wamekaa chini ya kioo kingine, na kioo hicho nimekigongelea misumari mimi.

Alhamisi nilienda kwa Nyambura. Alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilimwambia yote, matope, picha, kununa kwangu, ngazi. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza alisema, "Nilijua."

Alitoa barua kwenye mkebe wa majani ya chai. Ile uliyompa mchungaji wa kamera Jumatatu alipokuwa akiondoka. Alinisomea mstari mmoja tu. Uliandika hivi: "Njogu ameng'ang'ana tungoje picha, nami nimekubali, kwa sababu hata mimi nataka mwone vile yanang'aa."

Mwalimu, sikujua. Miaka miwili nilibeba jiwe hilo nikidhani ni langu peke yangu, kumbe na wewe ulikuwa umelishika upande mmoja. Usidhani nilifurahi. Jiwe halikupungua uzito. Kama ningekuwa mtu wa kuamka na kushika ndoo ya pili, tungekuwa wawili juu, tungepaka haraka, au tungekufa wawili. Sijui. Lakini usingekuwa peke yako.

Nyambura aliikunja barua akaniambia, "Nilikuwa nangoja uje uniambie wewe. Umechelewa sana, Njogu. Sasa Jumapili utasimama uwaambie wenye mabati." Nilimwuliza kama amenisamehe. Akasema viazi vinaiva, nile niende. Nilikula. Kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshaosha sahani yangu.

Jumapili nilisimama. Nilisema yote bila kupanga. Cucu Wangeci, yule bibi aliyetoa bati la kwanza kabisa, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo ni bati langu lililomwita?" Nikamwambia si bati lako, Cucu, ni kiburi changu. Mpaka naondoka Nyeri hakunisalimu kwa mkono.

Walianza kubishana. Wengine walisema tuache, vita vitakula chochote tutakachopeleka, na Mwalimu ameshaliwa. Hapo ndipo mkeo aliposimama. Alisema mabati ya jiko lake yamekula moshi tangu alipoolewa. Chini ni meusi tititi, juu yamekuwa mekundu kwa kutu. Ndege haiwezi kuyaona hata ikiyatafuta. Basi haya mapya tuyaezeke majikoni kwetu, na yale ya zamani ndiyo yaende Sudan.

Mzee mmoja wa kanisa alikataa kabisa. Alisema tangu babu zetu, kwa Mungu hakuendi mnyama mwenye kilema, na hatutaanza leo kumpelekea kitu kikuukuu. Cucu Wangeci akamwambia, "Wewe mwenyewe ni mkuukuu, na kila Jumapili tunakuleta kwake." Watu walicheka, na mimi nikalia, kwa sababu wewe ungecheka kuliko wote.

Wiki mbili nilipanda juu ya majiko ya Nyeri, kuanzia la Nyambura, nikang'oa misumari na kushusha mabati yenye masizi. Akina mama walitaka kuandika majina yao tena, lakini rangi haikushika. Wakayakwaruza kwa msumari ndani ya masizi. La Nyambura alilikwaruza jina lako, si lake.

Yako hapa sasa, juu ya vichwa vya watoto. Matundu ya misumari ya zamani nimeyaziba kwa lami. Paa limekaa kama limekuwepo tangu enzi za mababu, na mtu wa kwetu akiliona atasema fundi hakulipwa. Mchana jua likichoma, mabati yanapata moto na kutoa harufu ya moshi wa kuni, na ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya kwetu. Juzi Mzee Lado aliingia, akasimama katikati, akanusa, akauliza nani anapika. Nikamwambia ni akina mama wa Nyeri.

Wiki iliyopita ndege ilikuja. Tuliruka kwenye mahandaki na watoto. Ilizunguka mara moja ikaenda zake. Sisemi ni mabati. Labda siku hiyo haikuwa na shida na sisi. Lakini wakati nimelala kifudifudi pale kwenye handaki, niliomba, na si kwa maneno yako ya kanisani. Nilisema tu, isituone, isituone.

Kuna jambo moja sikulifikiria. Mabati ni ya zamani, lakini misumari ni mipya. Ukisimama kwenye kilima cha huku asubuhi, utaona vichwa vyake vinang'aa, kimoja kimoja. Nikipaka matope, mvua inayaosha. Kwa hiyo nakuahidi hivi, na hii ahadi sihitaji mtu wa kuipiga picha. Kila Jumanne, kabla ringi haijagongwa, nitapanda mimi. Nitakipaka kila kichwa cha msumari kwa kidole. Vita vikiisha nikiwa hai, nitamletea Nyambura bati lenye jina lako, alirudishe jikoni kwake. Yeye kama atanisamehe siku hiyo au la, hilo namwachia.

Kesho ni Jumanne. Matope nimeshayaloweka.

Lala, Mwalimu. Ndoo ninayo mimi.

Njogu