Ubao Juu ya Namba

Jumamosi, 2 Juni 1956
Rangi nyeupe imebaki nusu kopo. Asubuhi nimeandika namba za magari mawili, kisha nikakaa barazani na wenye magari. Mchezo ni uleule, kusomeana namba kama nyota. Gari la Sefu ni 828. Rashidi mwenye lori akaisoma: "Mara nane limesukumwa, mara mbili limewaka, mara nane limevutwa na punda."
Sefu akacheka kuliko wote. "Yako ina sifuri mbili, bwana. Moja ya mfukoni, moja ya kichwani."

Jumatatu, 4 Juni
Namba hutolewa na serikali. Ubao wa juu yake mtu huandika apendalo. Sefu anataka KIRANGOZI, kiongozi wa msafara. Ndivyo anavyojigamba kuhusu marehemu baba yake. Jumapili anampeleka bintiye Puge kuolewa, anataka wakwe wauone. Amesoma chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu anazijua sana. Hizi za kizungu hazijui hata moja.
Nimemwambia Rashidi ukweli. Baba yule alikuwa mpagazi, mbeba mizigo tu. Nilikuwamo katika msafara ule, mtoto wa utumwani, natolewa Ujiji. Nimechoka na majigambo.

Alhamisi, 7 Juni
Nimeandika MPAGAZI. Wazo la Rashidi, mkono wangu. Herufi safi kuliko zote za mwaka huu. Sefu aliupapasa ubao, akaniombea dua. Barazani watu wakajikohoza. Sikuona haya. Ilinipendeza.

Jumapili, 10 Juni
Rashidi amerudi kutoka Puge, anasimulia huku akijipiga mapaja. Gari liliingia uani kwa wakwe. Mjomba wa bwana harusi, mwalimu, akausoma ubao kwa sauti. Mtu akadakia: "Mpagazi kaleta mzigo." Uwanja mzima ukacheka. Mzigo ni binti. Ndoa imefungwa, lakini alishuka amejifunika uso, na baba yake hakumtazama.
Nilicheka na wenzangu. Chakula cha jioni nilikirudisha jikoni.

Jumatano, 13 Juni
Sefu amekuja peke yake, ubao kwapani.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba."
Akauliza kama ni kweli baba yake alikuwa mpagazi. Nikasema kweli. Akauliza nimejuaje. Nikamweleza nililoficha tangu tulipojuana. Miguu yangu ilivimba njiani. Walioshindwa kutembea waliachwa porini. Baba yake alikuwa tayari na pembe ya ndovu begani. Akanipakia mgongoni, toka Malagarasi mpaka hapa Tabora. Hakuna aliyemwomba. Jina langu hakuwahi kuliuliza.
Sefu hakupandisha sauti.
"Kumbe mzigo wenyewe ni wewe," akasema.
Akaazima bisibisi yangu, akaurudisha ubao mahali pake, juu ya namba. Nilitaka kumshikia. Hakutaka.
Alasiri gari lilipita barazani polepole. Rashidi alikuwapo, wote walikuwapo. Hakuna aliyesoma kitu.