Mama Amevuka Madaraja Matatu

Uchochoro wa Kisima,
Suzhou.
5 Machi 1996

Mpendwa mdogo wangu Haisheng,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu ambako maua yameanza kuchanua, nami najua nyie bado mnavunja barafu mlangoni. Hujambo? Wifi yangu Fengying hajambo? Na kikohozi cha Xiaoman kimepoa, au mnamlisha vidonge tu? Mwambie shangazi yake amesema achemshiwe pea na sukari. Sisi ni wazima, na Mama ni mzima kutushinda wote. Hiyo ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo kaa kitako usome.

Ile tiketi ya treni unayotaka kumkatia Mama, usiikate.

Nayakumbuka sana mapatano yetu ya kwenye simu. Tangu avunjike nyonga, ngazi za kufika kwangu ghorofa ya tatu zinamtesa, na kwako ni chini, mlango na barabara. Nikakwambia tumpeleke kwanza Taoxi, kijijini kwetu, avuke madaraja matatu siku ya kumi na tano ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi kama wanawake wa kwetu wote, ayaache maradhi nyuma. Yakimshinda, aje kwako. Akiyavuka, abaki kwangu. Ukacheka, ukasema haya. Basi jana tulikwenda.

Wenzetu huvuka usiku na taa zao, lakini mimi nilimpeleka asubuhi, kabla watu hawajaanza kusukumana. Mfereji umejaa, na kina mama wako kwenye ngazi zilezile za mawe wanaosha figili na kusengenya. Bibi Gu, shoga yake Mama wa utotoni, alituona akatuvuta ndani tukanywe chai ya maharage ya kukaanga. Walicheka wale wawili mpaka nikaona aibu mimi.

Tulipotoka, Mama alinishika mkono huku bado anacheka, tukalivuka daraja la kwanza, lile fupi, kama tunatoka sokoni. Kufika ng'ambo, ndipo nikaona hana mkongojo. Ameuacha kwa Bibi Gu! Nikageuka niufuate. Akanidaka ukosi wa koti.

"We Cailian, unakwenda wapi?"

"Mkongojo wako, Mama!"

"Njia uliyovukia hairudiwi. Ukirudi wewe, unanirudishia maradhi yangu yote. Nimekuzaa, nimekulea, hata hilo hulijui?"

Nalijua, Haisheng, wewe pia unalijua. Lakini daraja la pili ndilo lile refu lenye mgongo, na mawe yake yamelika katikati. Nikamwita mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mashua, nikamwomba atufuatie mkongojo kwa Bibi Gu. Akakubali. Nikamwambia Mama tumsubiri. Nani asubiri! Alikwishaanza kupanda, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwangu.

Yule wa mashua akapaza sauti kutoka chini, "Polepole, Bibi! Hilo daraja halikimbii!"

"Piga kasia zako huko! Mimi si mzigo wako!" Mama akamjibu.

Kabla ya kufika kileleni alisimama. Alijishikiza ukutani kwa mikono yote miwili. Unanijua, mimi si mtu wa kutishika, lakini pale niliogopa sana. Nilijiona mpumbavu niliyemleta mama yangu aanguke mbele ya kijiji kizima kwa sababu tu sitaki kutengana naye. Nikamwambia, "Mama, basi. Tukae hapa, nitaita watu. Kwa Haisheng pia ni nyumbani."

Alikuwa anautazama mfereji. Kisha akasema, "Hapa ndipo alipopita Haisheng na bunda lake la nguo, siku ile anakwenda kaskazini. Nilimwambia asigeuke nyuma, safari yake iwe njema. Na lile jinga likanisikiliza."

Akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa koti, akapanda. Kushuka alishuka kwa makalio, jiwe baada ya jiwe, na ole wake ambaye angethubutu kucheka. La tatu ni lile dogo la mbao. Hilo alilivuka ananituma nikaangalie kama wameanza kuuza keki za mchele.

Jioni alipanda mwenyewe ngazi za kwangu, akisimama kila ghorofa kuwatukana waliojenga. Kwa hiyo, mdogo wangu, umeshindwa. Nuna, umalize.

Mjomba Genfu anakusalimu, Bibi Gu naye anauliza kama bado unaogopa mabata. Nisalimie Fengying na Xiaoman sana.

Utakuwa umeshangaa kukuta mkongojo kwenye kifurushi hiki. Ndio ule. Mwanamke wa mashua alitukuta nao ng'ambo ya daraja la tatu. Mama aliupokea, akaufuta vizuri, akanikabidhi mimi: "Mtumie Haisheng. Huko kwao kunateleza. Na umwambie sasa nimempa ruhusa, ageuke."

Nyumba yenu iwe na joto, na njia ya kuja huku iwe nyepesi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,

Cailian